Walter Dalrymple Maitland Bell

Walter Dalrymple Maitland Bell (8 Septemba 1880 – 30 Juni 1954), anayejulikana zaidi kwa jina la Karamojo Bell, alikuwa mwindaji wa ndovu, rubani wa vita, mchoraji na mwandishi kutoka Uskoti. Jina lake la utani linatokana na Karamoja, eneo la kaskazini-mashariki mwa Uganda, alikowinda kati ya miaka 1902 na 1907.

Katika maisha yake aliua ndovu 1,011, karibu wote wakiwa madume. Idadi hiyo ni kubwa, lakini umaarufu wake miongoni mwa wataalamu wa silaha unatokana zaidi na namna alivyowaua. Wawindaji wengi wa zama zake waliamini kwamba mnyama mkubwa huhitaji bunduki kubwa. Bell alitumia bunduki nyepesi zenye mtutu mwembamba na risasi ndefu zilizovikwa metali ngumu, akalenga ubongo. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba mahali risasi inapofika, na hali yake inapofika hapo, ni muhimu kuliko ukubwa wake. Ujuzi huohuo ulifanya kazi ya kumaliza ndovu iwe nyepesi na ya haraka kuliko ilivyowahi kuwa.

Maisha ya awali

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh, Uskoti, katika familia yenye mali na watoto wengi. Mama yake alifariki Bell akiwa na umri wa miaka miwili, na baba yake akafariki alipokuwa na miaka sita. Alilelewa na kaka zake wakubwa. Hakupenda shule, akatoroka zaidi ya mara moja, na alipofikisha miaka 13 alianza kazi ya ubaharia.

Mnamo 1896, akiwa bado kijana wa miaka 16, alifika Afrika ya Mashariki wakati reli ya Uganda ilikuwa inaanza kujengwa kutoka Mombasa. Alipata kazi ya kuua simba waliokuwa wakisumbua wafanyakazi wa reli. Bunduki yake ilipakiwa risasi moja tu kwa kila mlio, ikiwa na kipenyo cha .303, yaani sehemu 303 za elfu za inchi, takriban milimita 7.7.

Baadaye alikwenda Kanada kutafuta dhahabu katika eneo la Yukon. Huko alijipatia riziki kwa kuwinda na kuwauzia nyama wachimba dhahabu wa Dawson. Mwenzake katika biashara alimdhulumu mapato, naye akalazimika kuuza bunduki yake. Vita vya Makaburu vilipozuka Afrika Kusini alijiunga na kikosi cha wapanda farasi kutoka Kanada. Alitekwa na Makaburu, akatoroka, kisha akatumika kama mpelelezi wa njia. Vita vilipomalizika mwaka 1902 alirudi Afrika ya Mashariki kutafuta pembe za ndovu.

Karamoja na Mumias

Safari za Bell kwenda Karamoja zilianzia Mumias, leo magharibi mwa Kenya. Wakati huo Mumias ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya wafanyabiashara Waswahili waliotoka pwani. Walikwenda kaskazini na ng'ombe, nguo, shanga na waya, wakarudi na pembe. Bell hakugundua njia mpya. Alifuata njia zilizokuwa zimefunguliwa na Waswahili, akaajiri wapagazi Mumias na kutumia pia punda kubebea mizigo.

Karamoja ilikuwa bado haijawa chini ya utawala wa moja kwa moja wa Waingereza. Wakaramojong ni wafugaji, na ng'ombe ndio msingi wa maisha yao. Bell alitambua jambo hilo mapema. Mtu aliyemwongoza hadi kwenye ndovu wenye pembe kubwa alizawadiwa ng'ombe, na nyama ya ndovu iliachiwa wenyeji. Kwa hiyo habari za mahali walipo ndovu zilimfikia bila kuzitafuta. Mkaramojong aliyeitwa Pyjale, hodari wa kufuata nyayo, alikuwa mwenzake wa karibu katika safari hizo na anatajwa mara nyingi katika vitabu vyake.

Kazi yenyewe ilikuwa zaidi ya miguu kuliko ya bunduki. Kwa makadirio ya Bell mwenyewe, kila ndovu dume aliyempata alimgharimu mwendo wa maili 73, takriban kilomita 117. Katika mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Kwa mtu anayetembea kiasi hicho kwenye jua, uzito wa bunduki si jambo dogo. Bunduki kubwa za ndovu za wakati huo, zenye mitutu miwili na kipenyo cha .577 au .600 (karibu milimita 15), zilikuwa na uzito wa kilo 6 au zaidi, nazo zilimpiga mtumiaji begani kwa nguvu. Bunduki ndogo ya Bell ilikuwa na takriban nusu ya uzito huo, hivyo aliweza kuibeba mwenyewe siku nzima badala ya kumpa mchukuzi.

Bunduki na risasi zake

Gobore na raifo

Ili kuelewa uchaguzi wa Bell ni vizuri kulinganisha aina mbili za silaha. Ya kwanza ni gobore, inayofahamika hadi leo vijijini, pamoja na nyanda za juu za Ufipa na bonde la Rukwa. Mtutu wa gobore ni bomba laini ndani. Baruti nyeusi humiminwa kwa mbele, kisha hushindiliwa pamoja na gololi ya risasi au hata vipande vya chuma. Gololi hailingani sawasawa na mtutu, hutoka kwa kasi ndogo, na hupotea shabaha baada ya umbali mfupi. Mtutu wa namna hii hauna mengi ya kuchakaa ndani. Unaweza kurithiwa na wajukuu, mradi usipasuke wala kuliwa na kutu.

Aina ya pili ni raifo. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji inayozunguka kama uzi wa skrubu. Risasi hubana katika mifereji hiyo na kutoka ikizunguka kwa kasi, kama pia ya watoto, na mzunguko huo ndio unaoifanya iende ikiwa imenyooka. Mifereji ndiyo uhai wa raifo. Ikichakaa, bunduki bado italia, lakini shabaha yake imekwisha.

Kwa nini risasi zilivikwa metali

Hadi miaka ya 1880 risasi za raifo zilitengenezwa kwa plumbi tupu, au plumbi iliyochanganywa na bati kidogo ili iwe ngumu. Plumbi ni laini na haiumizi mtutu. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kuliko baruti nyeusi. Kasi ya risasi ilipanda hadi mita 600 au 700 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo plumbi ilichunika ndani ya mtutu na kuacha utando kwenye mifereji. Mswisi Eduard Rubin alikuwa miongoni mwa waliopata suluhisho: kiini cha plumbi kilivikwa koti jembamba la metali ngumu. Makoti hayo yalikuwa ya shaba, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, au ya chuma kilichopakwa mchanganyiko huo.

Suluhisho hilo lilileta matatizo mapya kwa mtutu. Koti gumu huikwaruza mifereji kuliko plumbi, na koti la shaba na nikeli huacha mabonge madogo ya metali ambayo hayatoki kwa kitambaa na mafuta tu. Yaliondolewa kwa maji ya amonia. Gesi ya baruti mpya nayo ilikuwa na joto kali, ikala chuma cha mtutu hasa pale mifereji inapoanza, mbele ya chumba cha risasi. Jeshi la Uingereza lilijifunza hayo kwa gharama. Bunduki yake ya Lee-Metford ya mwaka 1888 ilikuwa na mifereji isiyo na kina, iliyobuniwa na William Ellis Metford kwa ajili ya baruti nyeusi. Baruti mpya iliyoitwa kordaiti iliilainisha mapema mno, na kuanzia mwaka 1895 mtutu wake ulibadilishwa kwa wenye mifereji ya kina zaidi. Ndiyo asili ya jina Lee-Enfield.

Chaguo la Bell

Katika safari za mwanzo Bell alibeba bunduki ya .303 na nyingine kubwa zaidi ya mitutu miwili. Aliona kwamba risasi ikifika kwenye ubongo, ndovu huanguka sawasawa kwa bunduki yoyote kati ya hizo mbili, na isipofika, bunduki kubwa haikumsaidia sana. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili kuona ubongo ulipo, kisha akachora michoro ya njia za risasi kutoka mbele, ubavuni na nyuma. Alijifunza hata kumlenga ndovu anayeondoka, kwa kupitisha risasi mshazari kutoka nyuma kupitia misuli ya shingo. Lengo hilo bado linaitwa kwa jina lake miongoni mwa wawindaji.

Fuvu la ndovu si jiwe moja. Sehemu kubwa yake ni mfupa wenye vyumba vingi vya hewa kama sega la asali, na ubongo umejificha nyuma na chini. Risasi ya plumbi tupu, au ile yenye ncha iliyoachwa wazi, hupanuka au kuvunjika katika mfupa huo na kuacha njia yake. Risasi ndefu, nyembamba, yenye ncha ya duara na koti gumu lililoifunika yote mbele hubaki na umbo lake na kwenda moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo Bell alipendelea bunduki ya kampuni ya John Rigby wa London, iliyotumia mtambo wa Mauser wa Kijerumani. Risasi zake zilikuwa za milimita 7, ambazo Waingereza waliziita .275. Risasi moja ilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi na kasi ya karibu mita 700 kwa sekunde. Takriban ndovu 800 kati ya 1,011 aliwaua kwa aina hiyo. Alitumia pia bunduki ya Mannlicher ya milimita 6.5, nyepesi zaidi, na ile ya .318 ya Westley Richards, lakini hakuridhika na ubora wa risasi alizozipata kwa ajili ya hizo. Risasi za Kijerumani za milimita 7 zilimfaa kwa kuwa hazikumwangusha. Kwa mtu aliye mita chache kutoka kwa ndovu, fataki isiyowaka au ganda la risasi linalopasuka na kukwama ni kifo.

Umri wa mtutu

Mtutu wa bunduki ya namna hiyo huweza kupiga maelfu kadhaa ya risasi kabla shabaha haijaharibika. Bell alimaliza ndovu wengi kwa risasi moja au mbili. Hata tukihesabu nyama aliyowawindia wapagazi na mazoezi yake, matumizi kwa mwaka yalikuwa madogo kuliko ya askari mazoezini. Kwa hiyo adui wa mtutu wa mwindaji hakuwa risasi, bali kutu.

Fataki za wakati huo zilikuwa na klorati ya potasiamu. Baada ya mlio, zilibakiza ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu wa hewa. Baruti nyeusi ilikuwa na masizi mengi yaliyowalazimisha watu kuosha bunduki, lakini baruti isiyo na moshi iliacha mtutu ukionekana safi huku chumvi ikiendelea kuula. Katika mvua za Uganda na Kongo, mtutu ambao haukuoshwa kwa maji ya moto, kukaushwa na kupakwa mafuta siku ileile ungeweza kuanza kuharibika kabla ya safari kuisha. Na duka la kununulia mwingine lilikuwa mbali mno.

Lado na nchi nyingine

Baada ya Karamoja, Bell aliwinda hadi mipaka ya Ethiopia na eneo la Ziwa Turkana. Kisha alihamia eneo la Lado, ukingoni mwa mto Nile, lililokuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa muda wa maisha yake tu. Leopold alipofariki Desemba 1909, Wabelgiji walianza kuondoka, na mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa kwa Sudani. Wakati huo wa mpito wawindaji wengi waliingia kuvuna pembe. Bell aliwinda pia Liberia na katika makoloni ya Wafaransa na Wabelgiji.

Vita vya Kwanza vya Dunia

Vita vilipoanza mwaka 1914 Bell alikuwa akiwinda katika Kongo ya Wafaransa. Alirudi Uingereza, akajifunza urubani na kuingia katika kikosi cha ndege cha jeshi. Alitumwa Afrika ya Mashariki, akaruka juu ya Tanganyika kuchunguza mienendo ya majeshi ya Wajerumani. Inasimuliwa kwamba mara nyingine aliruka bila msaidizi ili aweze kutumia bunduki yake bila kuzuiliwa. Baadaye alipelekwa upande wa Ugiriki na Balkani. Alipewa nishani ya Military Cross, na mwaka 1918 aliacha jeshi kwa sababu ya afya.

Maisha ya baadaye

Mwaka 1919 Bell alimwoa Kate Soares. Alirudi Afrika kwa safari kadhaa, kisha akatulia Corriemoillie, katika milima ya kaskazini ya Uskoti. Alipenda mashua za matanga, akachora na kuandika. Vitabu vyake ni The Wanderings of an Elephant Hunter (1923) na Karamojo Safari (1949). Cha tatu, Bell of Africa, kilitolewa mwaka 1960 baada ya kifo chake.

Uzeeni aliwinda kulungu wa Uskoti kwa bunduki ya .220 Swift, iliyotoka Marekani mwaka 1935. Risasi yake ni ndogo sana lakini ina kasi inayozidi mita 1,200 kwa sekunde. Bunduki hiyo ilipata sifa mbili: shabaha nzuri na kuchakaza mtutu haraka, kwa sababu baruti nyingi huungua ndani ya kishimo chembamba. Katika miaka hiyo watengenezaji walikuwa wameacha koti la nikeli na kutumia mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao hauachi mabonge mengi. Mwishoni mwa karne ya 20 baadhi ya walenga shabaha walianza kupaka risasi unga wa molibdeni ili kupunguza msuguano, lakini wataalamu hawakubaliani kama unga huo huongeza umri wa mtutu kwa kiasi cha maana, kwa kuwa uharibifu mkubwa hutokana na joto la gesi.

Bell alifariki tarehe 30 Juni 1954 nyumbani kwake Corriemoillie.

Ukosoaji na urithi

Maoni juu ya Bell yamegawanyika. Watetezi wake husema kwamba aliwaua ndovu kwa haraka bila kuwatesa, kwamba aliwaacha majike karibu wote, na kwamba alikaa kwa amani na wenyeji wa nchi alizopita. Wengine huonya kwamba mbinu yake haifai kuigwa. Alikuwa na shabaha isiyo ya kawaida na ujuzi wa mwili wa ndovu alioupata kwa miaka mingi. Mtu asiye na hayo, akiwa na bunduki ndogo, humjeruhi mnyama tu, na ndovu aliyejeruhiwa hufa polepole porini au huua watu. Ndiyo maana nchi nyingi zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwemo, huweka kipenyo cha .375 (karibu milimita 9.5) kuwa cha chini kabisa kwa wanyama wakubwa wa hatari.

Swali zito zaidi ni la ndovu wenyewe. Bell hakuwa peke yake Karamoja. Waswahili, Wahabeshi, Wagiriki na wengineo walikuwa wakitafuta pembe zilezile, na baadhi walizilipia kwa bunduki. Mnamo 1911 serikali ya Uganda ililifunga eneo hilo kwa wafanyabiashara, lakini makundi makubwa ya ndovu yalikuwa yameshapungua na bunduki zilikuwa zimeshaingia mikononi mwa wafugaji. Tatizo la silaha haramu na wizi wa ng'ombe limeisumbua Karamoja kwa zaidi ya karne moja. Leo ndovu wa eneo hilo wanapatikana hasa katika Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, iliyoanzishwa mwaka 1962.

Historia hiyo imejirudia mahali pengine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1989 mataifa yaliyo katika mkataba wa CITES yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Hata hivyo, idadi ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014, hasa kwa ujangili. Ndovu wa ikolojia ya Katavi na Rukwa, chini ya nyanda za Ufipa, ni sehemu ya hesabu za nchi hiyohiyo.

Kwa mwanafunzi wa historia, maisha ya Bell yanaonyesha jinsi mabadiliko madogo kiwandani, kama koti jembamba la metali juu ya risasi, yanavyoweza kubadilisha nchi iliyo mbali. Mwenye gobore alilazimika kumkaribia ndovu mno, na mara nyingi alishindwa. Mwenye raifo ya Bell hakushindwa mara nyingi, na mtutu wake ulikuwa bado mzima ndovu wa Karamoja walipokwisha.